Uzoefu wangu: kuosha magari kwa maji magumu bila mashine ya chumvi

Anayeosha magari kwa maji magumu analijua hili doa: duara jeupe lenye ukingo mzito kuliko katikati, linalobaki kwenye boneti nyeusi tone likishakauka. Ni kalsiamu na magnesi, madini yanayofanya maji yaitwe magumu. Maji yameondoka, yenyewe yamebaki.

Kwa muda mrefu nilitumia mashine ya kulainisha maji kwa chumvi, na siisemi vibaya. Rezini, yaani punje za plastiki zilizo ndani yake, inanasa kalsiamu na kutoa sodiamu badala yake, shampuu inatoa povu zito, pampu inadumu. Kilichonichosha ni kubeba magunia ya chumvi, pamoja na yale maji ya chumvi kali yanayomwagwa kila rezini inaposafishwa. Yakienda kwenye udongo, mimea inakauka. Ndiyo maana nikatafuta njia nyingine.

Nilianza na kifaa kinachouzwa kama kilainisha maji kisichotumia chumvi. Ni mtungi wenye chembe zinazofanya kalsiamu igande kuwa fuwele ndogo sana, zinazopita na maji badala ya kushika kwenye bomba. Hakihitaji umeme wala hakimwagi maji. Kwa kazi hiyo nakisifu: fundi alipofungua hita, koili ilikuwa safi kama enzi za chumvi, na tundu za nozeli hazikuwa na gamba.

Ila muuzaji hakuniambia jambo kubwa, na naona ni haki ya kila mteja kulijua: kifaa hiki hakiondoi chochote ndani ya maji. Kalsiamu iliyoingia ndiyo hiyo hiyo inayotoka. Nilipima TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji, kwa miligramu kwa lita) kabla na baada ya mtungi, namba haikubadilika. Povu likawa hafifu, tukalazimika kuongeza shampuu. Madoa nayo yalibaki. Yanafutika kirahisi kidogo kwa kitambaa kibichi, lakini yapo. Kwa haki, hata maji yaliyolainishwa kwa chumvi huacha alama yakikauka, kwa sababu sodiamu nayo haipotei hewani.

Kilichomaliza madoa ni mashine ya RO (reverse osmosis), inayosukuma maji kwa presha yapite kwenye utando mwembamba na kuacha zaidi ya asilimia 90 ya madini nyuma. Nimeiweka kwa suuza ya mwisho tu. Kuosha gari zima kwa maji ya RO ni kuyapoteza, maana tope la matairi halijali maji yana nini. TDS ya suuza nataka iwe chini ya 50. Hapo gari unaliacha likauke lenyewe, kioo cha nyuma kinabaki safi bila kuguswa na kitambaa. Wateja wenye magari meusi waliiona tofauti kabla sijawaeleza.

RO ina masharti yake. Inatoa maji polepole, kwa hiyo lazima uwe na tenki la akiba na pampu ya kuyatoa. Klorini inaharibu utando, hivyo chujio la kaboni hutangulia. Maji magumu sana huuziba, na hapa ndipo kile kifaa cha fuwele au dawa ya kuzuia magamba inapofaa, mradi uhakikishe kwanza na aliyekuuzia utando. Tena sehemu kubwa ya maji hutoka kama mabaki. Mimi huyaelekeza kwenye tenki la pili, tunayatumia kulowesha na kuondoa tope chini ya gari.

Kuna pia mitungi ya rezini inayoondoa madini yote hadi TDS isome sifuri. Inampendeza anayeosha magari machache, lakini ukiilisha maji magumu moja kwa moja inachoka upesi mno; iweke baada ya RO. Sumaku za kufunga kwenye bomba, zinazodaiwa kuzuia magamba, sikuzinunua. Ushahidi wake ni dhaifu.

Kabla ya kutoa pesa, pima ugumu, chuma na klorini. Ugumu ukizidi miligramu 180 kwa lita, hayo ni maji magumu sana. Chuma kikiwa kingi, chembe za kile kifaa hufunikwa na kuacha kufanya kazi, kwa hiyo ondoa chuma kwanza. Na mwulize muuzaji chembe hubadilishwa baada ya muda gani na kwa bei gani, kwa sababu zinachakaa, hata kama tangazo linasema hakuna matunzo.