Jioni ya roboti na vifaa vya intaneti mjini Mtwara: uzoefu wangu

Mimi ni karani wa ghala la korosho, na kwa kuwa mwezi wa Juni ghala letu huwa karibu tupu, nililipa kiingilio cha shilingi 5,000 nikaenda kusikiliza jioni ya mazungumzo kuhusu roboti na vifaa vinavyotuma taarifa kwa njia ya intaneti, iliyofanyika katika ukumbi mmoja mtaa wa Shangani. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya watu wa kazi kama yangu, ambao huenda wakaona tangazo la jioni nyingine ya aina hiyo wakajiuliza kama inawahusu au ni ya wanafunzi wa ufundi peke yao.

Mazungumzo yalitangazwa kuanza saa 11 jioni, yakaanza saa 12 na dakika 20 kwa sababu projekta na kompyuta hazikupatana. Maandishi ya ukutani yalikuwa ya Kiingereza tangu mwanzo hadi mwisho, jambo lililowachosha wazee waliokaa safu ya mbele, ingawa wasemaji wenyewe walizungumza Kiswahili kizuri. Hayo ndiyo malalamiko yangu makubwa.

Msemaji wa kwanza, fundi kijana, alieleza namna kifaa kidogo chenye kihisi kinavyopeleka kipimo mbali. Alitumia utaratibu uitwao MQTT, ambao ulibuniwa mwaka 1999 kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kwa njia ya setilaiti, wakati ambapo mawasiliano hayo yalikuwa ghali na ilibidi ujumbe uwe mfupi iwezekanavyo. Kwa watu wa mkoa ambao bomba la gesi linaanzia kwao kwenda Dar es Salaam, mfano huo haukuhitaji maelezo marefu. Kifaa hakimtafuti kila mtu anayetaka habari, bali hukabidhi kipimo kwa programu moja iliyo katikati, ambayo msemaji aliiita dalali, na kila aliyejiandikisha kwa dalali huyo hupata kipimo kile kile papo hapo. Mzee mmoja akauliza, "Na huyo dalali wako, mwanangu, hafanyi kangomba?" Ukumbi ulicheka, maana kangomba ni ununuzi wa korosho kwa wakulima kinyume cha utaratibu, lakini swali lilikuwa na uzito wake, kwani kijana ilimbidi akiri kwamba dalali huyo akiachwa bila nywila, mtu yeyote anaweza kusoma vipimo na hata kuingiza vya uongo.

Kisha kifaa chenyewe kikagoma mbele yetu. Kila kilipojaribu kutuma ujumbe mfupi wa simu kilizimika na kuwaka upya, na baada ya dakika kama 10 za kuhangaika nilidhani kitafichwa chini ya meza na mazungumzo yataendelea kama vile hakuna kilichotokea. Kijana hakufanya hivyo. Alieleza kwamba moduli ya simu ya 2G, yaani kipande cha kifaa kinachotuma ujumbe kwa mtandao wa simu, inapowasiliana na mnara, huvuta umeme unaoweza kufika ampea 2 kwa mikupuo mifupi, na kwa kuwa nyaya alizotumia zilikuwa nyembamba na ndefu, volti zilishuka ghafla na bodi ikaanza upya kila mara. Akazikata, akaunga nyaya nene na fupi, akaweka kapasita kubwa, yaani kijisehemu kinachoweka akiba ya umeme wa muda mfupi, karibu kabisa na moduli, na ujumbe ukaingia katika simu yake: joto nyuzi 27, unyevu asilimia 81. Kwangu mimi sehemu hiyo ilizidi picha zote za ukutani, kwa sababu sasa najua la kumwuliza fundi atakayekuja kuniuzia kifaa kama hicho.

Nilimwuliza swali la kazi yangu. Kihisi chake hupima unyevu wa hewa, ilhali kinachotutia hasara ghalani ni unyevu ulio ndani ya korosho yenyewe. Hewa inaweza kuwa kavu mchana kutwa huku gunia la korosho ambazo hazikuanikwa vizuri likiwa katikati ya rundo, linaota ukungu taratibu. Alijibu bila majigambo kwamba kifaa hakichukui nafasi ya mashine ya kupimia unyevu wa korosho, na kwamba kazi yake ni kuonya tu kuwa hewa ya ghala imekaa na unyevu mwingi kwa muda mrefu, ili mtu aende akakague rundo.

Roboti iliyoletwa na wanafunzi ilikuwa kigari cha mbao nyembamba kinachofuata mstari mweusi: vihisi viwili humulika chini mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, sakafu nyeupe huurudisha, mstari huumeza. Vigae vya ukumbi vilivyong'aa vilikichanganya, kikaenda kugonga meza ya soda. Watoto walifurahi sana. Msemaji wa sehemu hiyo alisimulia roboti za kubeba magunia bandarini bila kugusia zitachajiwa wapi wala zitapandaje rundo, kwa hiyo makuli wetu wanaweza kulala usingizi.

Hata hivyo kiingilio changu kilirudi wakati wa kuagana, fundi alipotuonyesha namna ya kuhakiki kipima unyevu chochote. Chumvi ya kawaida hutiwa maji kidogo tu iwe kama uji mzito, ikawekwa pamoja na kipima hicho katika chombo kilichofungwa kabisa, na baada ya saa kadhaa hewa ya ndani hutulia kwenye asilimia 75 hivi. Alitahadharisha kwamba jaribio hilo husahihisha kipimo kimoja tu, yaani kile kilicho karibu na 75, na si vyote.

Kesho yake nilichukua kipima unyevu kinachoning'inia karibu na mlango wa ghala letu, nikakifungia na chumvi katika ndoo yenye mfuniko hadi asubuhi. Kilisoma 66. Maana yake ni kwamba siku zile za Desemba nilizoandika 70 katika daftari, ghala lilikuwa karibu na 79, na milango nilikuwa nimeifunga.