Kikapu cha miyaa na mtungi wa udongo: mapitio kwa nyumba za Lamu

Anayetaka kupunguza plastiki nyumbani kwake hapa Lamu hana haja ya kuagiza kitu Nairobi. Kikapu cha miyaa na mtungi wa udongo vinatosha kuondoa plastiki mbili zinazoingia kwa wingi kuliko zote: mifuko ya kubebea na chupa za maji. Nyumba ya watu sita ambapo kila mtu hufungua chupa moja ya nusu lita kwa siku hutupa chupa 180 kwa mwezi, na kisiwani kila kinachotupwa hubaki papa hapa, kikaishia ufukweni au tumboni mwa punda. Lakini vikapu vibovu ni vingi, na mitungi isiyopoza maji ni mingi vilevile. Ukinunua kibovu, mwezi wa pili unarudi kwenye plastiki.

Tuanze na kikapu. Wanawake wa kijiji cha Matondoni wanajulikana kwa kazi hii, na kazi yao nzuri ni nzuri kwelikweli. Miyaa ni majani ya mti wa mkoma yanayokatwa yakiwa machanga, kabla hayajafunguka. Huanikwa, huchanwa chane nyembamba, husukwa ukili mrefu, kisha ukili huo hushonwa ukizungushwa kutoka kitakoni mpaka mdomoni. Kikapu kinapokufa, aghalabu ukili wenyewe huwa mzima. Kilichoachia ni mshono. Kwa hiyo tazama uzi kwanza. Kikiwa kimeshonwa kwa uzi wa nailoni, jua kwamba uzi huo ni mgumu kuliko jani, na mzigo ukivuta hulikata taratibu. Uliza kilichoshonwa kwa chane za miyaa au kamba nyembamba ya nyuzi za mmea. Kiinue juu kwenye mwanga: ukiona vitundu kati ya ukili mmoja na mwenziwe, kiache.

Jambo la pili ni vishikio, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Kishikio kilichoshonwa mdomoni tu hung'oka na ukili wa juu siku utakapobeba kilo tano za viazi na nazi nne. Taka kishikio kinachoteremka ubavuni, kikapita chini ya kitako na kupanda upande wa pili, ili mzigo ukalie kamba wala usininginie kwenye mshono. Kamba ya usumba, yaani nyuzi za kumbi la nazi, ni imara kuliko ya miyaa ila hukwaruza kiganja. Izungushie kitambaa pale mkono unaposhika. Ukiagiza kwa msukaji, mwambie haya mapema, maana kikapu kikishamalizika kishikio cha kupita chini hakishoneki vizuri.

Samaki ndiye mtihani wa kikapu. Maji ya samaki hupenya miyaa, na harufu ikishaingia haitoki. Jani la mgomba halitoshi: hata likipitishwa motoni lilegee, huvuja kwenye mikunjo. Dawa ni sufuria yenye kifuniko, au bakuli la chuma cha pua, likae ndani ya kikapu. Mwombe muuzaji apare magamba na kutoa matumbo palepale sokoni, uchafu ubaki huko. Pia mpe sufuria kabla hajapima, apime ikiwa tupu kwanza. Wengi hawakatai, ila wakiwa na foleni husahau.

Kikapu kikilowa, kisuuze kwa maji yasiyo ya chumvi na ukitundike mdomo chini, kivulini penye upepo. Jua kali la siku nzima hukausha jani likavunjika, kwa hiyo usikikunje kikiwa kikavu. Kinyunyizie maji kwanza. Masika ndiyo adui mkubwa. Kuta za matumbawe hushika unyevu, na kikapu kilichoegemea ukuta huota kuvu upande wa nyuma bila kuonekana. Kitundike kwenye ndoano mbali na ukuta, na kuvu likianza, pangusa kwa kitambaa chenye siki, kisha kianike.

Kuhusu vile vikapu vya rangi vilivyosukwa kwa kamba za plastiki: ni imara, havioti kuvu, na kama unacho tayari kitumie mpaka kiishe. Kununua kipya hatukushauri, kwa sababu jua likishakipiga muda mrefu kamba hukatika vipandevipande. Na ile mifuko laini inayofanana na kitambaa, iliyojaa madukani baada ya marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 28 Agosti 2017, nayo ni plastiki, ni polipropilini. Ikichakaa hutoa nyuzi ndogo ambazo hakuna awezaye kuziokota. Jahazi la Flipflopi lililoundwa hapa Lamu kwa plastiki iliyokusanywa, likasafiri hadi Zanzibar mwaka 2019, limeonyesha kwamba plastiki inaweza kuyeyushwa ikawa mbao za chombo. Nyuzi zilizokwisha kuingia mchangani hakuna wa kuziundia jahazi.

Mtungi sasa. Unapoza kwa sababu udongo wake una vinyweleo: maji hupenya kidogokidogo mpaka nje, upepo huyakausha, na yanapokauka huchukua joto la mtungi. Ndiyo maana mtungi uliopakwa rangi ya mafuta au vanishi ni pambo tu. Ukinunua, ujaze maji na usubiri. Baada ya saa chache ngozi yake iwe na jasho jembamba kila mahali. Jasho la sehemu moja tu ni dalili ya ufa. Ugonge kwa kidole: mzima hulia, wenye ufa hutoa sauti iliyokufa.

Mtungi mpya ujaze maji uyaache usiku kucha, uyamwage, urudie mpaka ladha ya udongo ipungue. Kwa watu sita, wa lita 20 unatosha. Ukijaa unapita kilo 20, kwa hiyo chagua mahali pake mapema na usiuhamishe: kivulini, penye upepo, juu ya kigoda kinachopitisha hewa chini. Usiuweke sebuleni penye zulia. Wakati wa kaskazi, hewa ikiwa kavu na upepo ukivuma, maji huwa baridi ya kupendeza. Masika hewa imejaa unyevu, jasho halikauki, na maji yatakuwa baridi kidogo tu kuliko ya ndoo. Usitarajie barafu.

Mtungi hausafishi maji. Maji ya kisima au ya bomba yachemshe mpaka yatokote kwa dakika moja kamili, yapoe, ndipo uyamimine. Kufukiza ubani ndani ya mtungi mtupu kabla ya kuujaza huyapa maji harufu nzuri, na desturi hiyo ina raha yake, lakini moshi haugeuzi maji machafu kuwa salama.

Kifuniko si hiari. Mlipuko wa chikungunya, homa inayoenezwa na mbu, uliowaangusha watu wengi Lamu mwaka 2004 ulihusishwa na ukame na maji yaliyohifadhiwa majumbani kwa muda mrefu bila kubadilishwa. Mbu wale hutaga mayai ubavuni mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, hivyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Wazee waliweka samaki wadogo kwenye birika la kuhifadhia maji, ili wale viluwiluwi vya mbu. Kwa mtungi wa kunywea, kila wiki umwage wote na uusugue ndani kwa kumbi la nazi, hasa shingoni. Usitumie sabuni, udongo huinywa na kuirudisha kwenye maji. Tumia kata yenye mpini mrefu, itundikwe nje, mkono usiguse maji.

Maji ya chumvi huleta shida nyingine: ukungu mweupe juu ya ngozi ya mtungi. Hizo ni chumvi zilizobaki maji yalipokauka, nazo huziba vinyweleo. Sugua kwa ndimu na kumbi, suuza vizuri. Ukiona baada ya hapo mtungi hautoki jasho tena, kazi yake ya kupoza imekwisha; weka nafaka kavu ndani yake, ununue mwingine.

Kikapu tunakipa sifa kamili kikishonwa kama tulivyoeleza. Mtungi unastahili sifa hiyo miezi ya kaskazi, na chini kidogo masika. Ila viwili hivi havigusi pakiti ndogondogo za dukani. Mafuta ya kupima yapeleke kwenye chupa ya kioo iliyokauka kabisa, kwa kuwa tone la maji huyafanya yaruke kwenye kikaango. Mchele na sukari chukua kwa mkebe wenye kifuniko kinachobana. Sabuni ya mche nunua mzima, ukate vipande na uvianike kwenye rafu wiki mbili kabla ya kutumia. Kipande kikavu huyeyuka polepole kuliko kilichotoka dukani leo.