Vipuri vya Kompyuta ya Michezo ya Daraja la Juu: Fedha Ziende Wapi Kwanza

Anayekusudia kujiundia kompyuta ya michezo ya daraja la juu na aanze na skrini, kwa kuwa skrini ndiyo inayoamua kadi ya grafiki, na kadi ya grafiki ndiyo itakayochukua sehemu kubwa ya fedha zote. Skrini ya 4K, yenye pikseli 3840 kwa 2160, ina pikseli zaidi ya milioni nane ambazo kadi inapaswa kuzichora upya makumi ya mara kila sekunde, ilhali skrini ya pikseli 2560 kwa 1440 haifikishi hata milioni nne. Kwa maoni yangu hiyo ya pili ndiyo inayowafaa wachezaji wengi, kwa sababu picha yake ni safi kwenye inchi 27 na kadi hupata nafasi ya kufikia fremu (yaani picha kamili) 120 kwa sekunde bila kulemewa. Bei nitakazozitaja ni zile zilizotangazwa na watengenezaji wakati wa uzinduzi, kwa dola za Marekani na kabla ya kodi. Mnunuzi wa Nairobi au Dar es Salaam ataongeza usafirishaji, faida ya muuzaji, na VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 16 nchini Kenya na asilimia 18 Tanzania Bara.

Katika kadi za grafiki, nafasi ya kwanza naipa GeForce RTX 5070 Ti ya NVIDIA, iliyotoka Februari 2025 kwa dola 749 ikiwa na GB 16 za kumbukumbu ya GDDR7. Sababu yangu inaonekana ukiiweka kando ya RTX 5080, kadi iliyojengwa juu ya chipu ileile: 5080 ina viini vya kukokotoa 10,752 dhidi ya 8,960, yaani nyongeza ya asilimia 20, kumbukumbu yake ni GB 16 zilezile, lakini bei yake ya dola 999 inazidi kwa theluthi nzima. Nafasi ya pili ni Radeon RX 9070 XT ya AMD, iliyozinduliwa Machi 2025 kwa dola 599, nayo ina GB 16. Katika michezo mingi ya kawaida inaikaribia sana 5070 Ti, ila huachwa nyuma pale mchezo unapokokotoa miale ya mwanga kwa wingi. Pengo la bei dukani likiwa kubwa, sitamlaumu yeyote atakayeipandisha kuwa ya kwanza. RTX 5080 naiweka ya tatu, kwa mwenye skrini ya 4K ambaye bajeti yake inaruhusu.

RTX 5090 ndiyo yenye kasi kuliko zote, ikiwa na GB 32 za kumbukumbu, na bado naiweka ya nne. Ilitangazwa kwa dola 1,999, lakini kuipata kwa bei hiyo kumekuwa kugumu tangu mwanzo, na hutumia hadi wati 575. Inamfaa mtu ambaye kompyuta hiyohiyo humfanyia kazi ya uhuishaji, kuhariri video au kuendesha mifumo ya akili mnemba nyumbani. Kwa michezo peke yake, tofauti ya bei kati yake na 5070 Ti inatosha kununua vipuri vingine vyote vya kompyuta nzuri. Aidha, RTX 5070 ya kawaida sikuiingiza katika orodha kwa sababu ya GB 12 zake, ambazo michezo mipya yenye picha nzito imeanza kuzimaliza.

Wati hizo zinastahili kutazamwa kwa makini, hasa kwetu wa ukanda wa pwani. Umeme wote unaoingia katika kompyuta hutoka ukiwa joto, na chumba cha Mombasa au Zanzibar ambacho tayari kina nyuzi 31 kitapanda zaidi kompyuta ya wati 700 ikifanya kazi saa tatu mfululizo. Feni zitapiga kelele, kadi itapunguza kasi yake ili kujilinda, na kasi iliyolipiwa kwa fedha nyingi haitapatikana. Asiye na kiyoyozi chumbani achague kadi ya wati 300, kisha anunue kesi yenye uso wa matundu na feni tatu au zaidi, na kichujio cha vumbi kinachotolewa na kusafishwa kwa urahisi.

Kipuri ambacho wanunuzi wengi hukibania fedha, na ambacho kinanisikitisha zaidi kinapobaniwa, ni pawa saplai, kifaa kinachogawa umeme kwa vipuri vyote. NVIDIA yenyewe inapendekeza wati 750 kwa 5070 Ti, 850 kwa 5080 na 1,000 kwa 5090. Chaguo langu la kwanza ni Corsair RM850x au Seasonic Focus GX-850, zote za daraja la Gold la ufanisi, zenye waranti ya miaka kumi. Hata hivyo alama ya ufanisi kama 80 Plus hupima tu jinsi umeme usivyopotea. Haisemi lolote kuhusu ulinzi dhidi ya hitilafu, kwa hiyo pawa saplai ya jina lisilojulikana haiwi salama kwa kubandikwa alama hiyo. Tafuta pia kiwango cha ATX 3.1, kinachotaka kifaa kistahimili miruko ya umeme inayofika mara mbili ya uwezo wake kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Plagi ya nguvu ya kadi za NVIDIA isukumwe mpaka mwisho, pasibaki uwazi wowote, kwani tangu 2022 zimeripotiwa plagi zilizoyeyuka kwenye kadi za RTX 4090, na kutokuingizwa vizuri kulitajwa kuwa sababu mojawapo kuu.

Pale umeme unapokatika au kuyumba, UPS, kifaa cha betri kinachoshikilia umeme kwa muda, ni sehemu ya bajeti. Isomwe kwa wati, si kwa VA (kipimo kikubwa zaidi kinachoandikwa kwenye jina lake), maana UPS ya VA 1,500 mara nyingi hutoa wati 900 tu, na iwe ya wimbi safi la umeme (pure sine wave), kwa sababu baadhi ya pawa saplai za kisasa huzimika zinapopokea wimbi la ngazingazi.

Kwa prosesa, nafasi ya kwanza naipa Ryzen 7 9800X3D ya AMD, mojawapo ya zenye kasi zaidi katika michezo. Ilitoka Novemba 2024 kwa dola 479, ina viini vinane, na siri yake ni MB 96 za kumbukumbu ya ngazi ya tatu ndani ya prosesa yenyewe, mara tatu ya zile za Ryzen 7 9700X, hivyo data inayorudiwarudiwa na mchezo haifuatwi mbali kwenye RAM, kumbukumbu kuu ya kompyuta. Ya pili ni Ryzen 7 7800X3D ya 2023, ambayo kwenye skrini ya 4K haitofautiki kwa urahisi na ya kwanza. Ryzen 9 9950X3D ni ya tatu, kwa wenye kazi nzito nje ya michezo. Core Ultra 9 285K ya Intel ni ya nne, kwa kuwa bei yake ya uzinduzi ilikuwa juu kuliko ya 9800X3D na huachwa nyuma yake michezoni. Core i9 za kizazi cha 13 na 14 zilizotumika ziepukwe. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba volti ya juu ilikuwa ikiziharibu, na marekebisho ya programu hayaponyi iliyokwisha kuharibika.

Mengine ni mepesi. Bodi mama, bao linalounganisha vipuri vyote, ya B850 inatosha. RAM iwe GB 32 za DDR5-6000 katika vipande viwili, si vinne. SSD (diski ya kuhifadhia michezo) ya TB 2 ya PCIe 4.0, kizazi cha nne cha njia ya data, kama WD Black SN850X au Samsung 990 Pro, inatosha kabisa, kwani kasi ya PCIe 5.0 haionekani katika michezo. Kipozeo cha hewa kama Thermalright Peerless Assassin 120 kinaimudu 9800X3D, nacho hakina pampu ya kufa.

Wanaoagiza Dubai waulize kwanza kama waranti itaheshimiwa wakiwa nyumbani, kwa maana kurudisha kadi ya kilo mbili kwa ndege ni gharama. Kompyuta ikishaungwa, washa EXPO, mpangilio wa kasi ya RAM, kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya bodi mama, ili RAM ifikie kasi iliyolipiwa, kisha endesha mchezo mzito kwa saa nzima ukifuatilia joto la kadi na prosesa, kabla muda wa kurudisha bidhaa dukani haujaisha.