Kaunta ya katikati ya jiko yenye uso wa mninga: uzoefu wangu na mafundi wa Keko

Kaunta hii niliiagiza kwenye karakana moja ya Keko, Dar es Salaam. Chini ni kabati la plaiwudi ya milimita 18, juu ni vipande vya mninga vilivyogundishwa ubavu kwa ubavu, vya kukatia nyama na kukandia unga bila kibao. Uso una sentimita 150 kwa 70, unene milimita 38, na kimo chote ni sentimita 90. Kwa mbao na uunganishaji nawapa tano kwa tano. Kwa ufungaji nawapa mbili, na huko ndiko nyuso nyingi za namna hii zinakofia.

Nilitaka mninga kwa sababu ukishakauka hauchezi sana na unashika gundi vizuri. Mtiki nao ni mgumu kuoza, ila una mafuta yake. Fundi asipoufuta kwa asetoni muda mfupi kabla ya kugundisha, viungo huja kuachia. Sisitiza upewe kiini cha kahawia kitupu. Ile mbao nyeupe ya pembeni ni chakula cha bungua.

Mahitaji ni mbao tatu za inchi 2x6 za futi 12. Kila moja inatoa vipande viwili vya sentimita 155, na kila kipande kinapasuliwa fito tatu za milimita 42, kisha fito zinalazwa ubavu ili hizo 42 ziwe unene wa uso kabla ya randa. Unapata fito 18. Zinazotumika ni 16, maana 2x6 ikipigwa randa hubaki na milimita 44 hivi, na 44 mara 16 ni sentimita 70 za upana. Mbili za ziada ni za kufidia iliyopinda au yenye kifundo.

Kabla ya gundi, dai kipima unyevu. Kwa Dar asilimia 12 hadi 14 inatosha. Mbao mbichi ikigundishwa itaendelea kusinyaa ikiwa jikoni kwako, na penye kiyoyozi nyufa huonekana mapema zaidi. Gundi iwe ya kuzuia maji, daraja la D3 au D4. Gundi nyeupe ya kawaida hulainika kwa kitambaa kibichi cha kila siku. Hawa walifanya jambo la maana: waligundisha fito nane nane, wakapitisha kila nusu kwenye mashine ya randa (mashine nyingi hazimezi sentimita 70), ndipo wakaunganisha kiungo cha kati. Klempu (vibanio vya kushikilia mbao hadi gundi ikauke) ziwe kila sentimita 20, moja juu moja chini, la sivyo uso unabenuka. Gundi itokeze uzi mwembamba kwenye kiungo chote. Isipotokeza, kiungo kina njaa, yaani gundi haikutosha.

Sasa ufungaji. Waliukaza uso kwa skrubu kwenye matundu ya duara pande zote. Mbao karibu haibadiliki urefu, lakini upana wake hupanuka masika na kupungua kiangazi, na kwenye sentimita 70 hiyo ni milimita kadhaa. Ukiibana pande zote mbili itapasuka au itavuta kabati. Niliwarudishia wakatoboa upya: mstari wa kati unabaki na matundu ya duara, kingo za mbele na nyuma zinapata matundu marefu ya milimita 6 kwa 15 yanayoelekea upana, skrubu za milimita 45 na wosha (pete bapa ya chuma), bila kukaza hadi mwisho. Skrubu ndefu zaidi itakaribia mno uso wa juu.

Vanishi pia nilikataa. Kisu kinaichana, maji yanaingia chini yake, inaanza kubanduka. Piga msasa namba 80, 120, 180. Lowesha kidogo nyuzi zisimame, acha ikauke, rudia 180. Kisha paka parafini ya maji ya famasi, ile wanayopewa wenye choo kigumu, mpaka mbao ikatae kunywa. Vichwa vya fito ndivyo hunywa zaidi. Malizia kwa nta ya nyuki, sehemu moja kwa nne za mafuta hayo, iliyoyeyushwa ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji ya moto. Upande wa chini nao upakwe, maana uso unaovuta unyevu upande mmoja tu hujikunja. Mafuta ya alizeti yanachacha na kunata, usijaribu.

Kabati lisiguse sakafu. Maji ya deki yatavimbisha plaiwudi. Miguu ya sentimita 10 inatosha. Acha mita moja ya kupita kila upande, na ukitaka viti, uso utokeze sentimita 30, si zaidi bila mabano ya chuma. Uso peke yake una kilo 25 hivi, kwa hiyo watu wawili wanaubeba.

Harufu ya samaki inatoka kwa chumvi na ndimu, kisha unapaka mafuta tena. Ila kama unapanga sinki liwe kwenye kaunta hiyohiyo, chukua graniti.