Maziwa yanakujaza gesi: uyaache mwenyewe au ukapime pumzi?
Kuacha maziwa, hadi ya kwenye chai, wiki 2 halafu kuyarudisha ni bure kabisa ila kunataka nidhamu na daftari la kuandika unachokula na unavyojisikia, na ukipunguza na maharage wiki hizohizo hutojua gesi ilikuwa inatoka wapi, mtindi nao ujaribu peke yake maana wengi hauwasumbui. Kipimo cha pumzi kinasoma gesi ya haidrojeni wanayotoa bakteria wa utumbo mpana wakila sukari ya maziwa ambayo mwili wako umeshindwa kuisaga, masaa 3 hivi umemaliza, lakini ni hela, hospitali nyingi hazina, na ukiwa umetoka kumeza antibayotiki majibu yanaweza yasiwe sahihi. Uko mbali na mji, anza na daftari. Ushajaribu na bado huelewi, kapime. Ila ukiona damu chooni au unakonda tu jamani wahi kwa daktari kwanza.