Gamba la kaa au mifupa ya tembo?

Kaa wa nazi wa kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, hana hata mfupa mmoja. Kinachoushikilia mwili wake ni gamba la nje, lililoundwa kwa kitini (dutu ngumu inayopatikana pia katika magamba ya wadudu) na kukazwa kwa madini ya kalisi. Misuli imejishika upande wa ndani wa gamba hilo. Tembo ni kinyume: mifupa iko ndani, misuli imeizunguka.

Kwa ulinzi, kaa anamshinda tembo waziwazi. Ngao yake ameivaa mwili mzima, na inamsaidia asikauke juani. Kwa tembo, mifupa hulinda hasa ubongo, moyo na mapafu.

Shida ya kaa ni kukua. Gamba gumu halitanuki, kwa hiyo lazima alivue. Huchimba shimo, akajificha humo kwa wiki kadhaa, akatoka katika gamba la zamani akiwa laini kabisa, kisha hulila gamba lile lile ili kurudisha madini mwilini. Tafadhali, ukikuta shimo lake usimfukue. Wakati huo hana cha kujikinga nacho. Mfupa wa tembo una seli hai na mishipa ya damu. Hurefuka polepole huku mnyama akiendelea na maisha yake, na ukivunjika unaweza kuunga.

Kwa mnyama mkubwa wa nchi kavu, mimi naipa ushindi mifupa ya ndani. Kaa wa nazi ndiye arithropoda (mnyama mwenye gamba la nje na miguu ya viungo, kama wadudu na buibui) mkubwa kuliko wote wa nchi kavu, na bado uzito wake hufika kama kilo 4 tu. Tembo dume wa Afrika hufika tani 6.