Mvinyo wa boksi la lita 3: uhakiki kwa anayekula na kunywa nyumbani

Kinachowakwaza wengi wanaotaka kufurahia mvinyo nyumbani pamoja na chakula cha kawaida si uhaba wa ujuzi, bali ni ukubwa wa chupa. Chupa ya kawaida hubeba mililita 750, yaani glasi 5 za mililita 150, na mara tu kizibo kinapotoka hewa huanza kuuchakaza mvinyo: hata ukiwekwa kwenye jokofu, mvinyo mwingi hudumu siku 3 hadi 5 tu, na harufu yake ya matunda hufifia mapema zaidi ya hapo. Matokeo yake ni kwamba mtu anayeishi peke yake, au wawili wanaokunywa glasi moja moja wakati wa chakula cha jioni, hulazimika kuchagua chakula kwa kufuata chupa iliyokwisha kufunguliwa, ilhali ilipasa mvinyo ndio ufuate chakula. Boksi la lita 3 lenye mfuko na koki linaondoa ulazima huo vizuri kuliko vizibo maalumu na pampu za kunyonya hewa, na ndiyo sababu nalihakiki hapa kama aina ya bidhaa, bila kuipigia debe kampuni yoyote.

Ndani ya boksi la kadibodi kuna mfuko wa plastiki wenye tabaka kadhaa, aghalabu moja likiwa limepakwa metali ili kuzuia oksijeni, nao umeungwa na koki ndogo inayofunguka kwa kubonyezwa au kuzungushwa. Kila unapomimina, mfuko hunywea kwa kadiri ya kilichotoka, hivyo nafasi iliyoachwa na mvinyo haijazwi na hewa kama inavyotokea ndani ya chupa. Mfuko wa namna hii haukubuniwa kwa ajili ya zabibu hata kidogo: Mmarekani William Scholle aliubuni mwaka 1955 ili kusafirishia asidi ya betri, na mwaka 1965 mtengenezaji wa mvinyo wa Australia, Thomas Angove, akasajili hataza ya kuutumia kwa mvinyo. Mnywaji wa wakati huo alitakiwa akate kona ya mfuko, amimine, kisha aibane kona hiyo kwa kibanio. Koki isiyopitisha hewa, iliyounganishwa na mfuko wenyewe, ilikuja mwaka 1967 kwa kazi ya Charles Malpas pamoja na kampuni ya Penfolds, na ubora wa boksi lolote mpaka leo unategemea koki hiyo, kwa maana hewa kidogo inayofanikiwa kuingia mara nyingi hupitia hapo. Koki ikiwa nzima na boksi likikaa kwenye jokofu, mvinyo hubaki katika hali nzuri kwa muda wa wiki 4 hadi 6 tangu siku ya kufunguliwa.

Mvinyo wenyewe je? Ni lazima tuseme wazi kwamba boksi halifai kwa kila mvinyo. Plastiki hupitisha oksijeni polepole hata kabla koki haijaguswa, kwa hiyo mivinyo inayohitaji kukaa miaka mingi ili tanini zake, yaani viini vya ngozi na mbegu za zabibu vinavyokausha ulimi, zilainike haiwezi kuwekwa humo, na mtu anayetafuta mvinyo wa aina hiyo aendelee kununua chupa. Kinachofaa ni mvinyo mchanga uliotengenezwa ili unywewe mapema. Kwa upande wa mvinyo mweupe, ninapenda zaidi ule wa zabibu aina ya Chenin Blanc, ulio mkavu, yaani usio na utamu, kwa kuwa uchachu wake ni mchangamfu na ladha yake haina makeke, ingawa Sauvignon Blanc nayo ni chaguo jema kwa wapenzi wa harufu kali ya majani mabichi na ndimu. Kwa upande wa mwekundu, Grenache ndiyo inayonipendeza: ina matunda mengi na tanini chache, na haikasiriki ikipozwa kidogo. Merlot hufuata kwa karibu. Cabernet Sauvignon ya boksi, kwa kadiri nilivyoionja, mara nyingi huwa na ukavu mwingi unaokwangua ulimi bila kuwa na matunda ya kutosha kuubeba, nami siipendekezi.

Faida kubwa kuliko zote huonekana mezani, pale unapokuwa na maboksi mawili, moja la mvinyo mweupe na jingine la mwekundu, yote yakiwa yamefunguliwa kwa wakati mmoja. Ukiwa na chupa mbili wazi unafikiria kuzimaliza. Ukiwa na maboksi mawili unaweza kumimina mafunda mawili ya kila mvinyo, uyajaribu na tonge lilelile, kisha uamue. Hakuna njia nyingine iliyonifundisha kulinganisha mvinyo na chakula kwa haraka namna hii, kwa sababu kanuni zinazoandikwa vitabuni zinageuka kuwa jambo unalolionja mwenyewe.

Chukua kuku wa kuokwa, mwenye ngozi iliyokauka na kukolea chumvi. Mafuta ya ngozi hufunika ulimi, na uchachu wa Chenin Blanc huyakata na kuuacha mdomo safi, tayari kwa tonge linalofuata. Ukihamia kwenye Grenache utakuta kwamba nayo inapatana na kuku huyohuyo kwa njia nyingine kabisa, kwani chumvi hupunguza uchungu na matunda ya mvinyo husikika zaidi. Hapa hakuna mshindi, na mimi huchagua kwa kuangalia kilichopo kando ya kuku: pakiwa na limau au saladi, namimina mweupe, pakiwa na vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikageuka rangi, namimina mwekundu.

Kwa samaki mwenye mafuta mengi, mambo si ya kujichagulia hivyo. Mvinyo mwekundu ukikutana na samaki huyo unaweza kuacha ladha ya metali na shombo isiyopendeza mdomoni, na mwaka 2009 watafiti wa Japani walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kinachosababisha shombo hiyo ni madini ya chuma yaliyomo kwenye baadhi ya mivinyo myekundu, wala si rangi yake. Ndiyo maana kuna mivinyo myekundu michache inayoelewana na samaki bila taabu. Hata hivyo, kwa kuwa boksi halikuambii lina chuma kiasi gani, mvinyo mweupe ndio wa kuutegemea, na samaki wa kukaangwa akinyunyiziwa limau kisha akapata Sauvignon Blanc baridi ni mlo ambao sioni haja ya kuuongezea kitu.

Tambi zenye mchuzi wa nyanya huwatatanisha wengi, na sababu ipo. Nyanya ni chachu, na mvinyo ambao uchachu wake ni mdogo kuliko wa chakula huonekana umepooza, kana kwamba umetiwa maji. Merlot laini hupoteza uhai hapa, wakati mvinyo mwekundu wenye uchachu zaidi, kama Sangiovese au Barbera, husimama imara; ukikosa hizo, usiogope kumimina Chenin Blanc. Maharage yaliyopikwa taratibu na kitunguu saumu, kwa upande mwingine, ni rafiki mwema wa karibu kila mvinyo mwekundu mwepesi, na nyama ya kuchoma yenye mafuta ndiyo pekee inayonifanya nitamani mvinyo wenye tanini nyingi. Tanini hushikamana na protini za mate, na hiyo ndiyo sababu ya ulimi kuhisi ukavu; mafuta na protini za nyama zikiwepo, ukavu huo hupungua.

Pilipili inahitaji tahadhari. Kileo huongeza mwako wake, na tanini huufanya uume zaidi, kwa hiyo mvinyo mwekundu wa asilimia 14 juu ya mchuzi mkali ni adhabu. Mvinyo mweupe uliobakiza sukari kidogo, wenye kileo cha chini na uliopozwa vizuri, hutuliza mdomo, na hapa boksi la Riesling lenye utamu kiasi, likipatikana, lina thamani kubwa. Mayai, iwe ya kukaanga au kimanda chenye jibini, yanakwenda na mvinyo mweupe usio na harufu ya pipa la mbao, nami sina la kuongeza. Vitafunio vitamu vya mwisho wa mlo viachwe bila mvinyo mkavu, kwani sukari ya keki huufanya mvinyo huo uonekane mchachu na mkali. Kanuni ya kwamba mvinyo uwe mtamu kuliko chakula ni ya kweli kabisa, na maboksi mengi hayawezi kuitimiza.

Kuna hila moja ya jikoni inayofaa kwa mvinyo wa boksi hasa, kwa kuwa huwezi kubadilisha mvinyo kila siku. Mvinyo ukionekana mkali au mchungu juu ya chakula fulani, gusa chakula chenyewe: tia chumvi kidogo na matone machache ya limau, kisha onja tena. Mara nyingi mvinyo uleule hulainika papo hapo, kwa kuwa chumvi hupunguza uchungu na uchachu wa chakula hufanya uchachu wa mvinyo usionekane mwingi.

Kuhusu baridi, boksi lililofunguliwa likae kwenye jokofu, liwe la mweupe au la mwekundu, lakini mvinyo usinywewe katika baridi ya jokofu, ambayo ni nyuzi 4 hivi. Mweupe hupendeza katika nyuzi 8 hadi 12, mwekundu mwepesi katika nyuzi 13 hadi 16. Hivyo mimina mwekundu kwenye glasi unapoanza kupika, na mweupe dakika 10 au 15 kabla ya kuketi. Mvinyo uliopozwa kupita kiasi huficha harufu zake zote, na watu wengi wanaosema kwamba mvinyo wa boksi hauna harufu wameunywa ukiwa bado na baridi ya jokofu.

Kasoro zipo, nami sitaki kuzifunika. Ya kwanza ni tarehe: boksi ambalo halijafunguliwa lina maisha ya miezi kadhaa hadi karibu mwaka mmoja, si miaka, na kwa bahati mbaya watengenezaji wengine huandika tarehe kwa herufi ndogo chini ya boksi au hawaandiki kabisa siku ya kupakia. Boksi lisilo na tarehe inayosomeka silinunui. Ya pili ni koki zinazovuja. Boksi moja nililolinunua lilidondosha mvinyo kwenye jokofu usiku kucha, na tangu hapo huweka kisahani chini ya koki mpaka nihakikishe inafunga sawasawa. Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Chupa inakuonyesha umekunywa kiasi gani, lakini boksi halionyeshi, na koki inayofunguka kwa kidole kimoja hurahisisha kuongeza. Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na madhara kwa afya, kwa hiyo anayechagua kunywa anapaswa kujua anachokunywa: pima mililita 125 au 150 kwa kikombe cha kupimia, zitazame zinafika wapi kwenye glasi yako, na ushike alama hiyo. Lita 3 ni glasi 20 za mililita 150, na boksi likiisha mapema kuliko hesabu hiyo inavyoruhusu, tatizo haliko kwenye koki.

Uzito wake mdogo ni jambo la kutajwa kwa ufupi tu. Boksi moja hushika nafasi ya chupa 4, ambazo zikiwa tupu hukaribia kilo 2 za kioo, na hilo hupunguza mzigo wa kubeba na nishati ya kusafirishia. Kadibodi inaweza kurejelezwa kwa urahisi; mfuko wenye metali ni mgumu zaidi kurejelezwa, na bado sijaridhika na namna watengenezaji wanavyolishughulikia suala hilo.

Mtiririko ukianza kuwa mwembamba, usitupe boksi. Pasua kadibodi, toa mfuko, uinamishe koki iwe chini, kisha ubane kuanzia juu kuelekea kwenye koki. Mara nyingi hupatikana glasi moja zaidi, pengine mbili. Onja kwanza. Ukiwa bado na harufu ya matunda, unywe na chakula cha siku hiyo. Ukiwa umechoka lakini haujageuka siki, umimine kwenye sufuria ya vitunguu na nyanya mapema, kabla mchuzi haujawa mzito, na uache uchemke bila kifuniko.